Farasi Asiyepisha Njia

Mimi si mtu wa kutulia. Hata leo nikikalishwa kitini, miguu inaanza kuchezacheza, na mke wangu anacheka. Sasa mtu kama huyo umpe farasi kijana mwenye kichwa nguvu, aliyeshuka treni ya kusini akiwa ameshapasua ubao wa behewa kwa mateke!

Wakati huo wa ukoloni, mjini Élisabethville, nilikuwa natunza farasi wa muzungu mmoja huku njia ya Luano. Yule mnyama alinikanyaga vidole, akanibana ukutani, akamwangusha mwenzangu wa kazi pamoja na ndoo yake. Bwana hakuwa na maneno mengi. Alisema binti yake akirudi kutoka Ulaya amkute farasi ana adabu, la sivyo nitafute kwingine. Na kwingine ni wapi? Bila kazi hukuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Wangeturudisha kijijini, mimi na mke wangu mwenye mimba kubwa. Niliogopa, sifichi. Usingizi ulinihama.

Nilijaribu ukali, nikajaribu upole. Nilimpa miwa; alikula, kisha akanisukuma kwa kifua na kupita zake. Mwenzangu, mtu wa Maniema mwenye mdomo, alisema Bwana atanipandisha treni ya kaskazini, ya kurudi kwetu, nikiwa na tandiko mgongoni. Nilimtukana moyoni.

Asubuhi moja nilikuwa namtazama huyo huyo mwenzangu akivuka uani. Farasi akamjia. Mwenzangu akaruka pembeni na kuvua kofia. Kofia, kwa farasi! Nilitaka kucheka, kicheko kikanikwama, maana mkono wangu nao ulikuwa umeshafika kichwani.

Kumbe tulimfundisha wenyewe. Kila kitu cha Bwana tulikipisha njia: gari lake, mbwa wake, watoto wake, na sasa farasi wake. Mnyama si mjinga. Aliona kila mtu mweusi anasogea, akajua ndiyo desturi ya hapa.

Basi nikakataa kusogea. Nilisimama mbele yake na kamba mkononi, miguu ikiniwasha kukimbia. Akinijia, naitikisa kamba usoni pake na kumsukuma kifuani mpaka arudi nyuma. Akirudi, nalegeza kamba na kumwacha apumue. Alinikanyaga tena, nikabaki palepale. Jioni mke wangu alinikanda mguu kwa maji ya moto, akaniuliza, "Weye na ule farasi, nani iko na kichwa nguvu?" Tumbo lake lilikuwa linakua, binti wa Bwana alikuwa njiani, nami nilikuwa siwezi hata kumaliza sahani yangu ya bukari bila kusimama na kuzunguka meza.

Kisha siku moja niliingia zizini na chakula, naye akarudi nyuma mwenyewe, akangoja nikiweke chini. Nilifurahi mpaka nikamkumbatia shingo.

Bwana akaja kujionea. Mlango wa zizi ulikuwa mwembamba, nami nilikuwa nimesimama katikati yake, farasi nyuma yangu ametulia. Bwana akaja moja kwa moja, kama alivyozoea kutembea. Sikupanga kitu, naapa. Ni mwili tu uliokuwa umeshazoea kusimama. Alifika karibu hata nikasikia harufu ya tumbaku yake, akalazimika kusimama. Akanitazama.

"Toka mu njia," alisema.

Nilitazama viatu vyake. Nikafikiria chumba chetu kule cité, mtaa wa watu weusi, na mtoto ambaye hajazaliwa. Hasira ilinipanda.

"Ndiyo, Bwana."

Nikarudi nyuma. Farasi naye, kwa kuniona nikirudi, akarudi nyuma. Bwana akaingia, akampigapiga shingo, akasema nimefanya kazi nzuri na nitabaki. Nikamshukuru.