Sindano Iliyofunga Masikio ya Naserian

“Meno yaking’oka yanaota mengine. Sikio je, dada?”

Aliniuliza hivyo Mama Naserian, mkulima wa Nduruma, siku yangu ya kwanza kama mpima usikivu katika kliniki ya masikio, Arusha mjini. Nilikuwa na digrii mpya ya baiolojia na mdomo wa kubishia kila kitu.

Binti yake wa miaka sita alivaa hedifoni. Watoto tuliwapima hivi: mtoto akisikia mlio, anadondosha haragwe moja kwenye kopo. Nilipandisha sauti mpaka mwisho wa mashine. Kopo likabaki tupu.

“Alikuwa na homa,” mama akaeleza. “Duka la dawa la mtaa wa Daraja Mbili wakampiga sindano siku kumi. Wakasema hii ndiyo kali.”

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, sindano hiyo, gentamaisini, dawa ya wodini inayopimwa kwa uzito wa mgonjwa, iliuzwa na yeyote mwenye kabati la kioo. Dawa hiyo inaweza kuua seli za kusikia, zile zenye vinywele vinavyotikisika sauti ikifika sikio la ndani.

Mkuu wa kitengo akampapasa mtoto kichwani. “Mama, huyu bado anakua, na seli zake zinakua. Nenda nyumbani, masikio yatafunguka yenyewe.”

Walipotoka nikamkabili. “Mkuu, umejuaje?”

“We binti, chuo kimekufundisha kubisha tu? Mama anataka tumaini.”

“Anataka ukweli.”

“Haya, mpe. Unao?”

Nikaenda kutafuta vitabu.

Wiki ile nilisoma hadi nikaupata ukweli: seli hizo hutengenezwa zote tumboni, kabla mtoto hajazaliwa. Zikifa, mwili wetu hauoteshi nyingine. Nikaomba tumwite mama yule. “Atarudi mwenyewe,” mkuu akasema, nami, mbishi wa kila kitu, nikatii.

Alirudi baada ya miaka mitatu. Naserian hakuwa ameanza shule, wala hakujua hata ishara moja ya viziwi.

“Tulisubiri, kama mlivyosema,” mama akaniambia.

Mlivyosema! Na mimi nimo. Siku hiyohiyo nilimwandikia barua ya shule ya viziwi, lakini miaka mitatu ya mtoto hairudishwi kwa barua. Ninyi mnaoanza kazi hii, kama hujui, sema hujui. Ukishajua, mfuate mgonjwa hata kwa miguu.

Nimestaafu, hasira yangu bado. Na kuhusu lile swali la mama, baadaye sana nilijifunza kwamba kuku akiharibiwa masikio na dawa hiyohiyo, seli za jirani hugawanyika, za kusikia huzaliwa upya, na baada ya wiki chache kuku huyo huanza kusikia tena.