Jogoo wa Kura

Mume wangu alipofariki aliniachia makoti matatu, redio mbovu na kuku wa Marans. Makoti niliyafungia kabatini, redio nikampa fundi, kuku nikaendelea kuwalisha kwa sababu wasipolishwa wanapiga kelele. Majirani zangu wa Makindye, hapa Kampala, walisema nina moyo mkubwa. Sikuwa na moyo mkubwa wala mdogo. Niliamka, nikachanganya chakula cha kuku, nikapanda boda kwenda Kansanga kwenye duka ninalouza madaftari, nikarudi. Aliyeniuliza habari nilimjibu nzuri, na wengi waliridhika na jibu hilo.

Marans ni kuku wa asili ya Kifaransa. Mayai yao ni ya kahawia iliyokolea, yale mazuri hasa yanakaribia chokoleti. Mume wangu aliagiza mayai ya kwanza kutoka Nairobi, yakaja kwa basi yamefukiwa ndani ya maganda ya mpunga, na tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa ya kuku. Alitengeneza kadi kwa kipande cha boksi, akakipaka rangi hatua kwa hatua, kuanzia chai yenye maziwa mengi hadi kahawa tupu, akachora mstari mwekundu katikati. Yai lisilofika mstari tulilikaanga.

Jogoo hatagi, lakini rangi ya yai hutoka kwake pia. Kwa hiyo alimpima jogoo kwa yai alilotoka na kwa mayai ya binti zake. Kisha macho, yawe ya rangi ya chungwa. Miguu isiwe ya njano, na kwa upande wa nje iwe na manyoya machache yanayoshuka hadi kidole cha mwisho. Yakizidi ni kosa, yakikosekana ni kosa. Nilimwambia anachagua kuku kwa masharti mengi kuliko alivyonichagua mimi. Akasema mimi sikuwa na manyoya miguuni lakini alinisamehe.

Baada ya mazishi kazi hiyo ilinifaa. Unamshika kuku, unatazama jicho, unafungua bawa, unageuza mguu. Hakuna anayekuuliza unajisikiaje.

Aliyekuwa akiniuliza ni wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuja kutoka Eldoret kukaa nami. Wiki ya kwanza alikuta yai kwenye kiota, akadhani limechafuliwa na kinyesi, akalisugua kwa sabuni na waya wa kusugulia sufuria. Rangi ya yai la Marans hukaa juu ya ganda, ukiisugua inatoka. Aliniletea yai lenye mabaka mkononi.

"Hili halitakati, wifi," akasema. "Nimejaribu sana."

Mume wangu angecheka hadi akae chini. Mimi nilisema asante.

Kilichomkera wifi ni kwamba nilikuwa sili. Alipika maharagwe, alipika samaki, alinunua matoke akayapika vibaya, na kila jioni alirudisha sahani yangu jikoni ikiwa imejaa. Nilimwona akinitazama mikono, jinsi ilivyokonda. Sikujali, na nilijua kwamba sijali, ila kujua huko hakukunisaidia.

Sisi wafugaji wa Marans hapa Kampala ni wachache. Tunakutana Ntinda, uani kwa mwenyekiti wetu, mzee mmoja wa Kiganda. Kuna mama wa Kinubi, kuna Wakongo wawili ndugu, nipo mimi Mkenya, kwa hiyo tunaongea Kiswahili, kila mtu na chake. Majogoo hupangwa kwenye vizimba, mbele ya kila kizimba kuna kopo, na kila mwanachama hutia punje ya mahindi kwenye kopo la jogoo anayeona amekamilika. Mshindi humwagiwa punje zote azile. Tunamwita jogoo wa kura, na ndiye ambaye mwenyewe atamtumia kwa uzazi msimu huo. Ilikuwa fikra ya mume wangu, hiyo ya punje.

Nilipeleka majogoo wawili. Mmoja mkubwa, mweusi wa kung'aa, mzuri wa kupigwa picha, lakini miguu mitupu na macho ya kijivu. Huyo nilimfungia peke yake nikingoja kumchinja sikukuu. Wa pili alikuwa mdogo kidogo, shingo ya shaba, macho ya chungwa, manyoya ya miguu pale pale yanapotakiwa. Alitoka kwenye yai jeusi kuliko yote aliyowahi kupata mume wangu, na jogoo huyo ndiye aliyekuwa akikaa na majike uani. Majogoo wengine wa mbegu ile ugonjwa wa kideri ulikuwa umewamaliza. Sisi hatukujaliwa watoto. Jogoo huyo akienda, kazi yote ya mume wangu imeishia hapo.

Mdogo alishinda. Alikula kura zake zote huku wanachama wakipiga makofi, mama wa Kinubi akanishika bega. Nilisimama pale kama niliyengoja risiti. Mwenyekiti alikuwa na safari ya Makindye, akajitolea kuwarudisha majogoo nyumbani, mimi nikaenda dukani.

Yaliyotokea mlangoni nilisimuliwa na wifi baadaye. Mwenyekiti alimkabidhi boksi dogo kwanza.

"Nyabo, hii kuku ndo ya kula," akamwambia, nyabo kwao ni mama. "Wote tumekubali."

"Hii ndogo?" wifi akauliza.

"Hii ndogo. Hata yeye mwenyewe amekubali. Hii ingine kubwa muweke tu."

Ulimi wa Kiganda huigeuza kura ikawa kula, nasi kwenye kikundi tumezoea, hatusikii tena tofauti. Mwenyekiti alimaanisha kura. Wifi, ambaye hajawahi kufika Ntinda wala kuona kopo la mahindi, alisikia kile kilichosemwa. Alifurahi sana. Alidhani hatimaye nimetamani kitu, nimechagua kuku mwenyewe, nimemtuma mzee wa watu amlete.

Niliporudi nyumba ilikuwa inanukia tangawizi. Aliniwekea mchuzi, na kwa heshima akanitilia mguu mzima pamoja na unyayo wake, kama wanavyofanya kwao. Niliugeuza kwa kijiko kwa mazoea tu. Upande wa nje, kutoka goti hadi kidole cha mwisho, kulikuwa na vitundu vidogo vilivyopangika, mahali manyoya yalipong'olewa.

"Wifi," nikasema, "huyu alikuwa wa kura."

"Kura ya nini?"

Nikamweleza. Aliweka mikono yote miwili mdomoni. Mimi nikala. Mpaka leo sielewi vizuri, lakini nilikula mguu ule nikaumaliza, nikachovya ugali kwenye mchuzi, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kula nikashiba. Wifi alikuwa analia, anasema amemaliza kitu cha mwisho cha kaka yake. Sikumbembeleza. Nilimwonea wivu, ndilo jambo pekee nililohisi. Yeye machozi yalimjia tu, hakuyatafuta.

Mwenyekiti alipiga simu asubuhi, sauti imemwisha.

"Nyabo, pole. Ulimi yangu hii." Kisha akasema, "Lakini kusanya mayai. Majike bado iko na mbegu yake ndani. Wiki mbili hivi, basi."

Nilikuwa najua. Mume wangu alinieleza zamani kwamba jogoo akiondoka majike huendelea kutaga mayai yake kwa muda, na mimi nikamuuliza kwani amekosa cha kuongea wakati wa chakula.

Tukakusanya. Kila yai nililiweka kwenye kadi, na mengi hayakufika mstari, kwa sababu kuku akitaga mfululizo rangi humpungukia. Wifi alitaka niatamishe yote.

"Yote ni yake," akasema.

"Yake ni yale yanayofika mstari," nikamjibu kwa ukali, na tukagombana vibaya jikoni kuhusu rangi ya kahawia. Yaliyobaki yalikuwa machache mno. Nikayaweka chini ya kuku wa kienyeji aliyekuwa anaatamia.

Yai la kawaida ukilimulika kwa tochi ya simu unaona kama ndani kuna kifaranga. La Marans halikubali, ganda ni zito kwa rangi, linataka giza kabisa. Mchana nyumbani kwetu giza la namna hiyo liko mahali pamoja tu. Mume wangu alikuwa akiingia kabatini na mayai yake, akijifungia kati ya makoti, na mimi nikiwa jikoni nilimsikia akitangaza kutoka humo ndani: tupu, tupu, huyu yupo! Nilimjibu haya, nikaendelea kukata vitunguu.

Siku ya kumi wifi aliniletea mayai kwenye bakuli, akakaa kitandani. Nikafungua kabati. Nikaingia, nikavuta mlango. Makoti yalikuwa na harufu yake bado, mafuta ya nywele na pumba za kuku, yakanigusa usoni. Nikawasha tochi. Tupu. Tupu. Tupu. Nilisikia sauti yangu ikitangaza bila mimi kuiamrisha.

La mwisho lilikuwa jeusi kuliko yote. Nililigandamiza kwenye mwanga, nikangoja, na ndani kabisa, kwenye wekundu, kivuli kikajigeuza.

Hapo nikalia. Nililia kwa sauti, uso wangu umezama kwenye mkono wa koti lake, yai nimelishika juu lisije likaanguka.

"Wifi? Unaona nini?"

"Njoo uone," nikamwambia.

Akaingia vivyo hivyo, na unene wake. Tukabanana wawili mlango ukakataa kufungika, mwanga ukaingia, na ndani ya yai hakikuonekana kitu tena. Hakuna kati yetu aliyetoka.