Ghala la Mkaa na Moshi wa Maziwa

Walisema sitaweza kuiweka nyanya Garissa siku tatu bila kuoza. Naanza na hapo kwa sababu waliosema hivyo leo hujifanya hawakumbuki, nami nakumbuka hata kila mmoja alikokuwa ameketi. Mwenye duka, aliyenijua tangu nikitumwa chumvi, alinicheka mbele ya wateja wake.

"Waryaa, wewe kijana! Friji isiyo na umeme, isiyo na mafuta ya taa, isiyo na barafu? Huko ng'ambo walikupa diploma au walikupa jini?"

Mjomba wangu, ndugu wa mama, ambaye sisi humwita abti, hakucheka. Alisema neno lililonichoma zaidi: "Mtu aliyekulia nyuma ya ngamia atajuaje siri za mboga?"

Nilirudi nyumbani mwaka wa pili wa vita vya serikali na waasi wa kwetu, wakati wenye akili walikuwa wakitafuta njia ya kuondoka. Niliondoka Garissa kijana juu ya lori la ng'ombe wa watu. Nikafika Mombasa, nikaingia jikoni mwa meli, nikashukia Uingereza na viatu visivyolingana. Mchana niliosha sahani, jioni nilisoma. Hakuna chifu aliyeniandikia barua wala tajiri aliyenilipia karo. Diploma yangu ya uhandisi wa kilimo niliipata kwa mikono hii hii, na kama naonekana najisifu, basi na asifiwe anayestahili.

Nilichokikuta kilininyima utulivu. Mashamba ya kando ya Mto Tana yalikuwa yakizaa nyanya, ndizi na tikiti kama kawaida. Mto haujui vita. Lakini barabara ya Thika ilikuwa na hofu. Lori halikuruhusiwa kwenda peke yake. Lilisubiri msafara wa askari, na msafara ulikwenda ulipotaka: leo, kesho, wiki ijayo. Pale kwenye kizuizi cha askari barabarani, karibu na mto, malori yalipangwa juani na maji ya nyanya yakichuruzika kutoka sakafuni hadi mchangani. Nzi walijaa. Wakulima walikaa kivulini mwa magurudumu wakitazama mavuno yao yakiisha. Mimi sikuweza kukaa. Nilizunguka malori yale na kipimajoto mkononi mpaka askari mmoja akaniuliza kama natafuta bomu.

Nilichotaka kujenga kilikuwa rahisi, na urahisi wake ndio uliowafanya watu wakicheke. Kuta mbili za waya wa kuku, kati yake mkaa, na juu madebe yenye matundu yanayodondosha maji polepole. Upepo wetu mkavu, ule ule unaopasua midomo, ukipita kwenye mkaa uliolowa hukausha maji, na maji yanapokauka huondoka na joto. Ndani hubaki ubaridi wenye unyevu, na mazao hayanyauki. Ni hivyo tu. Lakini hivyo tu ilihitaji waya, mkaa, na punda wa kuleta maji, nami nilikuwa na diploma na koti.

Kwa hiyo nikaazima. Mwenye duka, baada ya kucheka mpaka akachoka, alinipa waya na magunia ya mkaa. "Nakupa ili nione mwisho wake," alisema. Shangazi yangu, eedo, mjane aliyeuza maziwa sokoni, aliniazima punda wake mmoja kati ya wawili. Na abti alinipa mbuzi sita niwauze nilipe mafundi.

Hao mbuzi ndio walioniondolea usingizi. Mifugo mingine ya abti ilichukuliwa katika msako wa askari malishoni, hakurudishiwa hata mmoja. Alibaki na mbuzi wanane wa maziwa, na watoto wadogo watano nyumbani. Kwetu mbuzi wa maziwa akiazimwa hulipwa kwa mbuzi wa maziwa; huwezi kumpelekea mtu noti, watoto hawanywi noti. Na wakati ule, nani angeuza mbuzi anayekamuliwa? Abti aliniambia jambo moja tu akinikabidhi kamba: "Nimebakiza wawili. Nawe unajua kuhesabu vikombe."

Nilijenga kwenye kiwanja cha marehemu baba yangu. Nyanya za kwanza zilikaa siku tano. Nikabadilisha matundu ya madebe, zikakaa tisa. Nikanyanyua sakafu, nikageuza mlango uelekee mbali na upepo, zikakaa kumi na mbili, ngumu kama zilivyotoka shambani. Nilimpelekea mwenye duka moja, nikaiweka juu ya mizani yake mbele ya wateja wale wale. Akaibonyeza. Akaila. Nilirudi nyumbani nikitembea katikati ya barabara.

Ndipo nikataka ndizi. Mzee mmoja Mpokomo aliyelima ukingoni alikubali kuniachia mavuno yake yote kwa ahadi, mikungu mibichi ya kujaza lori. Mnunuzi wa Thika alizitaka mbichi. Mbivu hazivumilii barabara ile. Tukazipanga ghalani. Msafara ulitangazwa, kisha ukaahirishwa. Siku ya pili, ya tatu. Ndizi zilikuwa kijani, salama kabisa. Kama ningekaa kitako, hadithi hii ingekuwa fupi.

Sikukaa. Niliingia na kutoka mara ishirini kwa siku, na siku ya nne nikaona ukungu mweupe kwenye vikonyo vilikokatwa. Kidogo tu. Nikamkumbuka eedo. Wanawake wetu wanaouza maziwa hawatii maziwa chomboni kabla ya kukifukiza kwa moshi wa mti maalumu. Ndiyo maana maziwa yao hutembea siku mbili juani bila kuharibika. Nikajiambia: huu ndio utafiti, kuunganisha elimu ya ng'ambo na ya nyumbani. Nikaenda kumwomba kuni zake.

"Za nini?"

"Za kufukiza ghala, eedo. Ukungu umeingia."

"Ndizi zimo ndani?"

"Zimo."

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Mimi nafukiza chombo kitupu. Na ndizi si maziwa."

"Eedo, mimi nina diploma."

"Basi chukua. Diploma nayo si maziwa."

Nikafunga madebe, nikaning'iniza magunia pande zote ili moshi usitoke, nikafukiza asubuhi mpaka adhuhuri. Kesho yake nikarudia. Ukungu ulikufa, na niliandika hivyo kwenye daftari langu kwa herufi kubwa. Siku ya tatu nilipoufikia mlango, niliipata harufu kabla sijaona kitu. Ilikuwa tamu. Nilifungua. Ghala zima lilikuwa la manjano.

Yule mzee alikuja, akasimama mlangoni, akashika kiuno. Nilingoja matusi. Akaanza kucheka, kicheko cha uchungu.

"Mwanangu, sisi tukitaka ndizi ziive upesi tunazitia shimoni na moshi, tunafunika. Mtoto wangu wa miaka saba anajua. Mbona hukuuliza?"

Kwa nini sikuuliza? Nilikuwa nimesoma kitabuni kwamba kuna hewa inayoivisha matunda. Niliijibu kwenye mtihani na nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba hewa hiyo inakaa jikoni mwa shangazi yangu.

Msafara haukuondoka wiki ile. Eedo na wauza maziwa wenzake ndio waliozitembeza ndizi zile mji mzima, wakaziuza kwa bei ya huruma, na kila mlango walisimulia zilivyoiva. Mzee alipata kidogo, mimi sikupata kitu. Abti akaja jioni, kabla ya saa ambayo askari walitufungia ndani.

"Nasikia mbuzi wangu wamegeuka moshi."

"Watarudi, abti."

"Watoto wanakunywa chai kavu, bila maziwa," alisema, akaenda zake.

Nilimfuata mzee shambani nikamwomba mikungu mingine. Mtu kama mimi haombi mara mbili, lakini niliomba. Akakubali kwa sharti: nisiwashe moto, na nisifungue mlango isipokuwa mara moja kwa siku. Sharti la pili lilikuwa gumu kuliko miaka yote ya kuosha sahani. Niliteka maji, nikajaza madebe, nikaenda kwenye kizuizi kuuliza habari za msafara, nikarudi, nikajaza tena. Nilimaliza soli ya kiatu. Msafara uliondoka siku ya tisa. Nilifungua ghala, na ndizi zilikuwa kijani kama siku zilipokatwa. Mnunuzi wa Thika alidhani nimezikata jana.

Baada ya hapo nilitenga chumba kidogo pembeni cha kufukizia, nikauza ndizi mbivu mjini na mbichi barabarani. Kosa langu likawa biashara ya pili. Wangapi wanaweza kusema hivyo?

Mbuzi niliwapata kwa wafugaji wa Kotile, mmoja mmoja, kwa miezi. Nilikataa kuwapeleka kwa mafungu. Nilipotimiza sita, nilianza asubuhi moja kwa mwenye duka nikamrudishia waya na mkaa mpya, na nyanya juu yake. Mzee nilimpa haki yake na ile niliyomharibia. Punda wa eedo nilimrudisha na matandiko mapya, naye eedo akayakagua, akasema, "Punda amenenepa. Wewe umekonda."

Mwisho nikaingia kwa abti na kamba sita za mbuzi, na ya saba juu yake. Alifungua midomo ya kila mbuzi akatazama meno, akashika viwele.

"Huyu ni mzee kuliko wangu."

"Ndiyo maana nimeleta saba."

Akachuchumaa akamkamua wa kwanza. Watoto wakajipanga na vikombe. Aliposhiba mtoto wa tano, abti alininyooshea kikombe changu, akasema, "Keti."

Nikaketi. Nilikunywa nusu. Kisha nikakumbuka madebe yangekuwa yamekauka, nikainuka.