Bunduki Iliyosemekana Imefungwa

Mimi siamini mzani wowote mpaka niujaribu. Niliuza mchele Mwanjelwa miaka mingi kabla ya kuolewa Mufindi, na soko lile lilinifundisha kwamba mtu akikuchekea sana huku anakupimia, shika vizuri kiroba chako. Nilikuwa na jiwe langu. Naliweka kwenye mzani wa mtu, nalitoa, naliweka tena. Mzani ukinidanganya, lakini ukanidanganya vilevile kila mara, huo nafanya nao kazi, maana najua pa kuusahihisha. Ule unaosema hivi, ukirudia unasema vile, huo ni wa kutupa. Wenzangu walinicheka. Huyu Mnyakyusa, walisema, anashuku hata mawe.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo anakwenda kununua bunduki.

Shamba letu la mahindi pale Igowole limeegemea korongo, na ng'ambo ya korongo ni msitu. Mahindi yakianza kukomaa, nyani wanakaa kwenye miamba ya upande wa pili wanatutazama. Ukiinama kupalilia wanashuka. Ukiinuka wamerudi miambani, wanajikuna. Gobore la jirani halifiki hata katikati ya korongo, na wao wanalijua hilo, washenzi wale. Mume wangu akaomba leseni, akazunguka kwa polisi mpaka soli ikaisha, akaipata, na ruhusa ya kulinda mazao akapewa. Kilichobaki ni bunduki yenyewe, ya kupiga mbali, na hakuwahi kumiliki hata moja. Nikamwambia, baba watoto, peke yako huendi ng'o! Utauziwa mbuzi kwenye gunia.

Muuzaji alikuwa mzee wa Kihindi mwenye duka la vipuri Iringa mjini, mwindaji wa zamani ambaye macho yalikuwa yamemchoka. Alikuwa na bunduki mbili za kuuza, zote na karatasi zake. Alitukaribisha chai na kashata, na mimi nikaanza kumshuku. Mbona anatubembeleza?

Ya kwanza ilikuwa ya kutisha, mtutu mnene, risasi zake kama vidole vya mkono. Mume wangu aliikumbatia palepale. Akauliza inafika wapi.

"Inafika mbali kuliko macho yako, bwana," mzee akasema. "Lakini kufika siyo shida. Kila risasi inafika mahali."

Akatutolea karatasi aliyoilenga kwa bunduki ile. Tobo moja, katikati kabisa ya duara. Mume wangu akanigeukia kwa furaha. "Umeona?"

"Nimeona tobo moja," nikasema. "Hata kipofu akirusha mawe, kuna siku atampata kuku. Yale mengine yako wapi?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akaingia ndani, akarudi na karatasi ya bunduki ya pili, ile ndogo isiyo na sura. Hiyo ilikuwa na matobo matatu yamebanana, kisoda kingeyafunika yote, lakini yalikaa kushoto, mbali na duara. Mume wangu akaguna. "Mh! Hii haijui hata katikati ni wapi."

Mimi nikaona mzani wangu wa Mwanjelwa. Nikamwambia, hii inadanganya sawasawa, ndiyo ya kuchukua. Mzee akanitazama upya, kisha akatueleza polepole. Kushoto kunasahihishwa, unazungusha kifundo kilichopo ubavuni mwa darubini ya kulengea, risasi zote zinahama pamoja. Bunduki inayotawanya haina kifundo cha kuizungusha. Na ile kubwa, akasema, inapiga bega teke. Mtu akishaumia mara mbili tatu anaanza kufumba macho kabla hajafyatua, na kwa umbali wa korongo hilo, ukitikisika kidogo hapa, kule umekosa kwa urefu wa mtu. Nilimuuliza tena na tena kwa nini anatushauri vizuri hivyo, anaficha nini. Akasema, "Mama, wewe ungefaa kuwa polisi." Tukachukua ile ndogo.

Msimu ule nyani walikoma. Mume wangu alikuwa analala kifudifudi juu ya gunia la mchanga, anapumua, anafyatua, na nyani mkubwa wa ng'ambo anadondoka kabla ya kusikia mlio. Wengine wakahamia kusikojulikana. Akaanza kutembea kijijini kifua mbele.

Katika nyumba yetu anaishi shangazi yake, dada wa baba yake. Huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki. Watoto wake mwenyewe walitangulia wote, kwa hiyo chumba cha nyuma kwetu ndiyo dunia yake nzima. Siku moja mume wangu alitandaza mkeka uani akailaza bunduki apake mafuta. Shangazi akatoka bustanini na kikapu cha maharage kichwani, hakuangalia chini, akaivuka.

Wawindaji wa ukoo wao wana mwiko: mwanamke haruki silaha.  Nilimwona mume wangu alivyoacha kupaka mafuta.

Msimu uliofuata nyani walirudi, na bunduki ikaanza kukosa. Leo juu ya mwamba, kesho chini, keshokutwa huko miti iliko. Nyani hawakujisumbua hata kukimbia. Mahindi yakaliwa safu kwa safu huku tunatazama. Kwanza nilimshuku yule mzee wa Iringa, nikasema katupiga, kweli katupiga. Halafu nikashuku risasi, pengine ni za zamani. Mume wangu yeye hakuhangaika hivyo. Alikuwa na jibu tayari.

"Imefungwa," akasema. "Bunduki yangu wameifunga."

"Nani?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, mama watoto."

Nikaelewa anamsema shangazi yake aliyeivuka. Shemeji zangu wakaambiana, wakakubaliana kumleta mtaalamu, mganga kutoka Mbalizi, siku ya Jumapili, aifungue bunduki na amtaje aliyeifunga. Na huku mtu akishatajwa, hatajwi mara moja. Anatajwa kisimani, anatajwa kwenye mashine ya kusaga, mpaka siku moja nyumba inawaka moto na eti hakuna aliyeona. Watoto wangu wakakatazwa kuingia chumba cha nyuma. Shangazi akanisalimia asubuhi, "Kamwene, mwanangu," na shemeji yangu mmoja akatema mate chini. Bibi wa watu akarudi chumbani kwake. Alikuwa anajua.

Hasira zilinipanda. Jumapili yenyewe, kabla mgeni hajafika, nilimwambia mume wangu, hakuna mtu atafungua kitu hapa mpaka bunduki hii tuijaribu kama mzani. Akasema Wanyakyusa mna maneno. Nikasema ndiyo, tunayo, beba gunia la mchanga twende.

Tulibandika karatasi kwenye ukuta wa machimbo ya mawe. Akalala, akapiga tatu. Nikaenda kuangalia: moja juu, moja pembeni, ya tatu sikuiona kabisa. Bunduki iliyokuwa inadanganya sawasawa sasa inadanganya ovyo. Ingekuwa mzani, ningetafuta kilicholegea. Nikamwambia atoe risasi zote, nikaishika darubini, nikaitikisa.

Ikacheza. Kama jino la mtoto.

"Nani aliigusa darubini hii?"

"Mimi tu," akasema. "Niliitoa siku moja niwaangalie nyani vizuri, halafu nikairudisha."

"Ukaikaza na nini?"

Akautazama mkono wake. Kisha akasema, "Na vidole."

Ala! Nilicheka kwa uchungu, nilipiga makofi pale machimboni kama mwendawazimu. "Baba watoto, bunduki yako haikufungwa! Unasikia? Shida yake yote ni hiyo, haikufungwa!"

Tulikuwa na ufunguo wake mdogo, mzee wa Iringa alitupa. Nikashikilia darubini, akakaza skrubu moja moja. Akapiga tatu. Zikakaa pamoja, upande wa kulia. Akazungusha kifundo, akabandika karatasi mpya, akapiga tatu nyingine, na safari hii zikabanana katikati ya duara. Mume wangu aliibandua karatasi ukutani akakimbia nayo nyumbani, mtu mzima na ndevu zake, mimi nyuma nahema na gunia.

Shemeji zangu walikuwa wamekaa uani wanamsubiri mgeni. Akawapita wote, akaenda kupiga magoti mbele ya shangazi yake pale alipokaa mlangoni anachambua mboga, akamwekea karatasi mapajani. "Shangazi, tazama. Ni skrubu zilikuwa zimelegea. Wewe huhusiki, tumeona wote sasa. Huhusiki kabisa."

Shangazi akaichukua. Akapitisha kidole kwenye tobo moja, la pili, la tatu, taratibu, kama mtu anayesoma.

"Yamekaa pamoja," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Na yangetawanyika, mwanangu?"

 Mume wangu akainuka, akapangusa magoti. Mtaalamu alipigiwa simu akaambiwa asije. Shemeji mmoja mmoja waliaga wakaondoka.

Shangazi hakuhama. Bado anaishi chumba cha nyuma, ananisalimia kila asubuhi, watoto wanaingia na kutoka. Ila tangu siku ile ameweka mafiga yake matatu nyuma ya nyumba, anajipikia mwenyewe. Na kila ninapopita karibu na moto wake, anafunika sufuria.