Aliyelishika Bomba la Moto kwa Mkono Mtupu

Mkitaka kucheka chekeni, lakini siku ile sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na jua lilikuwa bado kali. Mtu yule nilimwona kama ninavyowaona nyie hapa.

Ilikuwa miaka ya hamsini, reli imefika Mpanda siku si nyingi. Nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa mtaa wa Majengo, pale Mpanda, naendesha lori kuukuu alilolinunua Tabora. Siku hiyo nilitoka Mpimbwe na magunia ya mchele. Pembeni yangu alikaa dada yangu Yustina, mimba ya miezi saba, anamfuata mumewe aliyekuwa akichimba madini Mpanda.

Asubuhi tulikwama mtoni. Nikarudi nyuma kwa nguvu, lori likajikita kwa nyuma kwenye ukingo wa udongo, ndipo likapata njia ya kutoka. Sikushuka kuangalia nyuma. Kosa langu la kwanza hilo.

Tulipoingia pori la Katavi, mbung'o wakatuvamia. Aliyewahi kuumwa na mbung'o wa kule hahitaji kuelezwa. Tukafunga vioo vyote. Muda si mrefu nikasikia harufu ya moshi mle ndani, na lori likaanza kuishiwa nguvu. Nakanyaga mafuta, linaguna tu. Alasiri, kwenye kimlima ambacho hata baiskeli inapanda, likashindwa kabisa.

"Kaka, kichwa kinaniuma," Yustina akasema.

"Vumilia dada, ni joto hili."

Kosa la pili. Injini sikuizima, maana kuiwasha tena kwa hendeli, ule mtaimbo wa kuzungusha kwa mkono, ilikuwa adhabu. Nikamwacha ndani, vioo vimefungwa kwa ajili ya mbung'o, nikafungua boneti. Nikakagua nyaya za plagi, nikagonga kabureta, nikaangalia petroli. Vyote vizima.

"Mgonjwa anaumwa tumbo, wewe unampima kichwa."

Nikageuka. Mtu amesimama nyuma yangu, kavaa ovaroli ya kaki, hana gari wala baiskeli. Mbung'o walikuwa wananitafuna shingo, kwake hakutua hata mmoja. Niliona, lakini mwenye shida hajiulizi sana, au siyo?

"Weka kiganja kule nyuma, bomba linapotolea moshi," akaniambia.

Nikaweka. Pumzi ilikuwa hafifu, kama ya mtu anayekata roho.

"Limeziba kwa udongo. Moshi umekosa pa kutokea, umepasua bomba huku mbele, chini ya miguu yenu. Injini haipumui, na nyie mnavuta moshi wake."

Akainama kunionyesha ufa. Niaminini, bomba lile kwenye kiungo lilikuwa limeiva, jekundu. Alilishika kwa mkono mtupu, akapitisha kidole taratibu kwenye ule ufa, na ngozi yake haikutoa hata mlio.

Akaniangalia. "Mkeo amelala?"

"Ni dada yangu."

"Usimwache alale. Mimi wangu nilimwacha, nikasema amechoka tu."

Nilikimbia. Kufungua mlango tu, Yustina akaniangukia mikononi, shingo haina nguvu. Nikamburuta mpaka kwenye majani, nikampiga makofi mashavuni, nikamwita kwa jina ambalo mama peke yake alilitumia. Mwishowe akakohoa, akatapika, akaanza kulia.

Hapo nikakumbuka injini. Nikageuka niende kuizima.

Mlango niliouacha wazi ulikuwa umefungwa. Yule mtu amekaa kwenye usukani, vioo viko juu, moshi umejaa mle kama ukungu. Pale alipokuwa amekaa Yustina, amekaa mwanamke nisiyemjua, kichwa kimemlalia yule mtu begani, kanga imemfunika nusu ya uso. Mtu yule akanipungia mkono, polepole.

"Mlete dada," akasema. Kioo kilikuwa kimefungwa, lakini sauti ilikuwa sikioni mwangu kabisa. "Njooni. Nafasi ipo."

Nilimwinua Yustina, nusu nambeba nusu namkokota, tukaenda bila kugeuka nyuma. Jua linazama tukafika kambi ya watengeneza barabara. Kesho yake nilirudi na wanaume wanne. Injini ilikuwa kimya, petroli ipo nusu tangi, milango yote imefungwa kwa ndani. Kwenye bomba tukatoa udongo uliokauka kama tofali.

Nilimweleza tajiri yote. Akakiri: lori lile lilikutwa kando ya njia huko Tabora, dereva na mkewe wamekufa ndani, hawana hata jeraha. Alinificha kwa sababu alijua ningekataa kuliendesha. Nilimkabidhi hendeli siku hiyohiyo, na sijaendesha gari tena maishani mwangu.

Yustina alijifungua salama. Lakini mpaka leo halali kwenye chumba kilichofungwa dirisha, hata mvua inyeshe. Anasema alipopotewa na fahamu, mwanamke mwenye mikono ya baridi alikuwa akimpapasa tumbo na kumbembeleza: "Lala, mwenzangu, lala. Tutafika wote."

Kwa hiyo wewe unayeendesha, ukisikia harufu ya moshi ndani ya gari na nguvu zinapungua, simama. Zima. Shusha watu wote, wadudu wawatafune wanavyotaka. Na kabla hujarudi kwenye usukani, chungulia kwanza kiti chako kama bado ni chako.