Kiraka cha Nta

Kabla hajawa fundi wa magari, Komora alikuwa mchonga mitumbwi kama baba yake. Wakati wa vita vya pili vya dunia alichukuliwa Mombasa kufagia gereji ya jeshi, akarudi Garsen akijua kufungua injini ya lori na kuirudisha bila bolti kubaki mkononi. Watu wakamwita Fundi, na jina likamkaa vizuri, pengine vizuri kupita kiasi, maana miaka yote ile hakuna aliyewahi kumsikia akisema, "Hili silijui."

Asubuhi moja, mwaka wa hamsini na saba, gari refu la Kimarekani lilisimama karibu na kivuko, rangi ya maziwa, likidondosha mafuta mekundu mchangani. Akashuka Athman, mfanyabiashara wa Malindi, mzaliwa wa Kipini. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Fundi, mamangu amefariki usiku," alisema. "Wataningoja Kipini mpaka alasiri, zaidi ya hapo hawawezi. Mwana ni mimi peke yangu. Nataka nimtie kaburini kwa mikono yangu hii."

"Inna lillahi," alisema Komora, akajilaza chini ya gari.

Danson, mmoja wa wavuta kamba wa kivuko, alichungulia dirishani. "Mbona klachi haipo? Sasa dereva wa hili anafanya kazi gani, kupiga honi?"

"Funga mdomo, wewe! Mtu ana msiba," Komora alimkemea kutoka chini ya gari.

Danson akaona haya. "Pole, mzee wangu. Sikujua."

Gari lile lilijibadilishia gia lenyewe. Bomba jembamba la chuma lilitoa mafuta kwenye giaboksi, likayapeleka mbele kwenye rejeta yapoe, kisha yarudi. Barabara mbovu ilikuwa imelisugua bomba hilo mpaka likapata ufa, urefu wa ukucha tu. Komora hakuwahi kuliona la namna hiyo. Lakini dawa yake aliijua: likatwe pale palipopasuka, liungwe jingine. Na kule Minjila kulikuwa na lori lililokufa, lina bomba la shaba la unene uleule. Kwa baisikeli, kwenda, kulifungua na kurudi, ni kama saa mbili.

Alitoka chini ya gari akitaka kusema hivyo. Athman alikuwa akitazama saa yake.

"Nusu saa yatosha, fundi?"

"Yatosha," Komora akajibu.

Akayeyusha nta ya nyuki na utomvu, akachovya pamba, akaizungushia bomba, juu yake kitambaa, juu ya kitambaa waya. Ndivyo baba yake alivyoziba mitumbwi. Athman akamimina kopo la mafuta mekundu alilokuwa nalo, moja tu, akawasha injini. Komora akachukua chai kwa Mbodze, mama muuza chai, akachuchumaa akitazama. Nyumbani kwao mtumbwi uliozibwa ulitazamwa mpaka chai ipoe, usipovuja, umepona. Chai ikapoa. Halikudondoka hata tone.

"Fundi wetu huyo!" Danson alipiga kelele, na gari likavushwa.

Habari alizileta dereva wa lori kesho yake. Bomba lile halikubeba maji ya mto, lilibeba mafuta ya moto, na kadiri gari lilivyokwenda ndivyo yalivyozidi kuchemka. Mbele ya Witu nta iliyeyuka, mafuta yakamwagika yote, gari likafa. Athman alitembea juani na kanzu yake mpaka akapata punda. Alifika magharibi. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa, limeshamwagiwa maji.

Siku hiyo Komora hakula. Tuneya, mkewe, akamwambia, "Baba, si umefanya ulichoweza?"

"Sikufanya," alisema.

Usiku kucha alikuwa akipiga hesabu ileile. Kwa bomba la shaba, gari lingaliondoka Garsen saa tano. Kipini ni mwendo wa saa tatu. Athman angalifika saa nane, akanawa, akashika jeneza la mama yake.

Kulipokucha Komora akaenda Minjila, akalifungua lile bomba la shaba, akapanda lori la Witu, na kutoka Witu akatembea. Siku ya tatu aliingia uwanjani kwa wafiwa, Kipini, bomba mkononi kama fimbo. Athman alikuwa ameketi mkekani. Hakuinuka.

"Bwana Athman, kiraka kile mimi..."

"Ulijua hakitashika?"

"La. Nilidhani kitashika. Lakini nilijua kuna bomba Minjila."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na haraka."

Athman alitikisa kichwa. "Haraka ilikuwa yangu, fundi. Ungeniambia, ningechagua mwenyewe. Ningekosea, ningekosea mimi."

Komora akaliweka bomba chini. Alitamani apigwe, lakini hakuna aliyempiga. Waliletewa kahawa wote wawili.

"Nionyeshe gari nilitengeneze," alisema mwishowe.

"Gari litangoja," Athman akasema. "Njoo kwanza."

Wakaenda makaburini. Tuta lilikuwa bado bichi. Komora akainua mikono, akaanza, "Ya Rabbi, mrehemu..." akakwama.

"Alikuwa akiitwa nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mwanaarusi," alisema Athman. "Mwanaarusi binti Shee."

Komora akalitamka jina taratibu, akamaliza dua. Ndipo akakumbuka kwamba siku ile, tangu gari liliposimama mpaka lilipovushwa, hakuwa ameliuliza jina hilo.