Kamba ya Semisi

Zamani fundi alikuzungushia kamba kifuani, akapiga fundo, na mwaka wa pili alikuwa bado anaukumbuka mwili wako. Siku hizi unakuta herufi ya saizi kwenye kola, S, M au L, na mwili wako ndio unaotakiwa kuifuata.

Fundi wa mwisho wa namna ile niliyemjua alikuwa Felisia, mwanamke wa Bukoba, na nilimjulia Guangzhou, Uchina. Mwaka 2001 alikuwa na cherehani moja mtaa wa Kangle, ghorofa ya tatu, akiwashonea wafanyabiashara wa kutoka kwetu. Futi hakuwa nayo. Kila mteja alikuwa na kamba yake yenye mafundo: la kwanza shingo, la pili kifua, la tatu kiuno, la mwisho urefu. Zilining'inia ukutani kama mikia ya panya.

"Futi ikipotea, nimepoteza watu wote," aliniambia. "Kamba ikipotea, nimempoteza mmoja tu."

Mumewe Theophil alikuwa mwinjilisti mpole, asiyeweza kupunguziwa bei hata ya ndizi. Mwaka uleule kanisa lao likawatuma Tonga, visiwa vya bahari ya Pasifiki, mbali kiasi kwamba ramani yangu ya ukutani iliishia kabla ya kuvifikia. Miaka saba hatukuonana.

Asubuhi moja ya 2008 nilikuwa Zhongda, kwenye soko la vitambaa ninakowaongoza wateja, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Mzee Abeli! Kumbe hujafa?"

"Nilikuwa nakungoja unizike, binti."

Alikuwa Felisia, amenenepa, na Theophil nyuma yake amebeba mifuko yote. Utumishi wao Tonga ulikuwa umebakiza wiki tano. Walikuja Guangzhou kwa siku sita tu, na kwa jambo moja: kwaya ya kanisa lao, watu thelathini na mmoja, iimbe Jumapili ya kuwaaga ikiwa na sare.

"Watonga ni watu wakubwa, mzee," alisema Felisia. "Mungu alipowaumba udongo ulikuwa mwingi. Nguo za dukani haziwaingii. Kuna Semisi, mwimbaji wa besi. Siku tuliyofika alituchomea nguruwe mzima. Miaka saba anaimba amejificha nyuma ya akina mama kwa sababu hana shati linalofungika. Siondoki kule kabla sijamwona mstari wa mbele."

Akatoa kamba kwenye mkoba. Thelathini na moja, kila moja na kipande cha kitambaa chenye jina. Nikajizungushia kamba ya Semisi kifuani. Mpaka kwenye fundo la kifua ilinizunguka mara mbili, ikabaki.

Tukanunua kitambaa cheupe, tukakipeleka kwenye karakana ya Mama Liang, cherehani kumi na mbili katika uchochoro uleule wa zamani, Kangle. Mama Liang aliinyoosha kamba ya Semisi, akacheka.

"Meiyou!" alisema. Ndilo neno wanalokunyimia kila kitu mjini hapa: hakuna. "Hakuna mtu huyu. Mmepima nguzo?"

Nikatafsiri.

"Mwambie yupo," alisema Felisia, "na ana mdogo wake."

Siku ya tano tulikuta mashati na magauni yamepangwa ndani ya plastiki, safi, yanapendeza. Felisia hakusifu. Alichukua kamba zake akaanza kupima, moja moja, na uso ukabadilika. Mkataji alikuwa amezigawa kamba katika mafungu manne, dogo, la kati, kubwa na kubwa zaidi, akalaza vitambaa tabaka juu ya tabaka na kukata kwa mashine mara moja. Kamba ya Semisi aliiona kosa la mama mgeni, akaitupa katika fungu la nne. Shati lake lilipungua viganja viwili. Nguo tisa hazikufaa, na ndege ilikuwa kesho jioni.

Nikaanza hotuba yangu kuhusu dunia hii ya herufi, isiyomjua mtu. Ilikuwa hotuba nzuri. Felisia alikwishavua viatu na kuketi kwenye cherehani.

"Mzee Abeli, utalaani baadaye. Shika kamba."

Alikata shati la Semisi kwa mkono wake, akalishona huku mafundi wakisimama kumtazama. Lilipokwisha, Mama Liang akarudia: hakuna mtu huyu. Felisia akamvalisha mumewe. Theophil akapotelea mle ndani. Pale mlangoni alikaa Jean-Luc, mfanyabiashara wa Lubumbashi, akingoja mzigo wake wa suruali.

"Papa Jean-Luc, njoo uingie."

"Mu shati moja na pasta? Mie niko Mkatoliki, mama!"

Aliingia. Wakasimama wawili, vichwa viwili juu ya kola moja, na vifungo vikafungika vyote isipokuwa cha juu. Felisia akawazungushia kamba. Ncha yake ikakutana na fundo la kifua.

Mama Liang alicheka mpaka akakaa juu ya robota la kitambaa. Alipofuta machozi, akamwita mkataji wake, akamkabidhi kamba nane zilizobaki za nguo zisizofaa na kumfokea: kila mtu na kamba yake! Kesho yake saa saba mchana nguo zote zilikuwa tayari.

Teksi iliwachukua kwenye mdomo wa Kangle. Kila kitu kiliingia mifukoni isipokuwa shati la Semisi, ambalo Felisia alikataa kulikunja. Alilipakata.

"Kaa vizuri, mzee."

"Nitakaaje vizuri, na dunia yenyewe hii..."

"Tunaijua, mzee, tunaijua," alisema Theophil, ambaye sijapata kumsikia akimkatiza mtu, na wote wawili wakacheka.

Gari lilipoondoka niliona mkono wa lile shati umebanwa mlangoni, nje, mrefu kama shuka, unapepea. Nikakimbia nikipiga kelele. Wao wakadhani ni kwaheri. Wakageuka nyuma ya kioo, wakanipungia kwa furaha, na Semisi naye akipunga pembeni, mpaka wakakata kona.